Sura ya Tisa: Kwa Belen Muuaji ni Yuleyule

“Lirudie hilo neno, mare. Lirudie watu walisikie.”

“Nalirudia. Mwizi. Mwizi wa ushindi. Au unataka nikuimbie?”

Uzio wa mianzi kati ya ua wa Belen Catapang na ua wa Goring Malabanan ulifika kifuani tu, kwa hiyo kila mmoja alimwona mwenzake vizuri wakati wa kumtukana. Belen alikuwa na ufagio. Goring alikuwa na beseni la vitunguu na kisu kidogo, na kila aliposema jambo analoliona la maana alikata kitunguu. Goring ndiye aliyemshika bintiye Belen siku ya ubatizo, ndiyo maana wawili hao waliitana mare, na waliendelea kuitana hivyo hata asubuhi hii ambapo hakuna aliyemtakia mwenzake mema.

“Nimeiba nini? Niliulizwa muuaji nani, nikasema nani. Kujua jibu siku hizi ni kosa?”

“Kujua jibu kabla ya swali, mare, hilo ndilo kosa. Watu wazima na akili zao wamekaa uwanjani wanasubiri kuchunguza, wewe unachomoka tu, eti ni baba wa ubatizo. Hata picha haijaonekana.”

“Kwangu kila siku ni baba wa ubatizo. Nimsingizie mpishi wa watu?”

“Kwangu hubadilika kama mboga. Leo dereva, kesho mpishi, keshokutwa mimi mwenyewe. Iweje kwako mmoja tu? Sema mwanao wa ubatizo alikunong’oneza, tumalize.”

Sajini mstaafu Remedios Alcaraz, ambaye mtaa mzima wa Bagong Sapa ulimwita Dada Meding, alikuwa amekalia ndoo iliyofudikizwa upande wa Belen, anatafuna karanga za kuchemsha. Hakuwaamulia. Kazi ya polisi ilimfunza kwamba wawili wakigombana husema mengi kuliko mmoja akihojiwa, tena bila kulipiwa soda. Na hapa alikuwa kazini. Baraza la usuluhishi la mtaa lilikuwa limempa shauri hili tangu jana jioni, wakati sikukuu ya mtakatifu wao ilipoishia kwenye kelele badala ya muziki.

Mambo yenyewe yalikuwa hivi. Dencio Lantin, kijana mpiga video za harusi, alitengeneza diski ya upelelezi iitwayo Nani Kamuua Don Teban, na nakala zake zilikuwa zimeshaenea mtaani. Waigizaji walikuwa majirani, nyumba ilikuwa ya mwalimu mkuu mstaafu, damu ilikuwa sosi ya ndizi. Mtazamaji mwenye rimoti huamua amhoji nani na afungue chumba gani. Wanaoshukiwa ni wanne: mpishi, dereva, mjane wa marehemu, na baba wa ubatizo. Aliyeua hakupangwa na mtu. Kila ukianza mchezo, deki yenyewe hupiga kura. Jana alasiri kwenye uwanja wa mpira wa kikapu kulikuwa na shindano: atakayemtaja muuaji kwa maswali machache kuliko wote achukue gunia la mchele. Belen alimtaja bila kuuliza swali hata moja, na akapata.

Mchele haukumuumiza mtu sana. Aliyeumia ni Dencio. Yeye ni mwana wa ubatizo wa Belen, na kabla jua halijatua mtaa ulikuwa umeshaamua kwamba alimpa mama yake wa ubatizo jibu. Mabibi harusi wawili walikuwa wamemtumia ujumbe kwamba watatafuta kamera nyingine. Paroko, aliyetaka amtengenezee diski kama hiyo ya maisha ya watakatifu kwa makanisa yote ya pembezoni mwa ziwa, alisema atasubiri baraza liseme. Na Goring hakutaka usuluhishi. Alitaka Kapteni Ambo, mkuu wa mtaa, amsainie ile karatasi ya kusema baraza limeshindwa, apeleke kesi mjini. Kapteni alimpa Meding mpaka chakula cha mchana.

“Goring,” Meding alisema, akitema ganda la karanga. “Kwako huyo baba wa ubatizo hajawahi kuua kabisa?”

Goring alisimamisha kisu. “Mara moja ninayoikumbuka. Siku ya ule upepo.”

“Upepo gani?”

“Ule uliong’oa bati la Kapteni. Umeme ulikatika, tukala kwa mishumaa, ulivyorudi tukaweka diski ili mume wangu aliyekuwa likizo aone nilivyoigiza mjane. Akatoka huyo mzee. Mume wangu akarudi melini bila kuniona nikiua.” Akakata kitunguu. “Na jana vilevile. Mtaa mzima umekuja, na mimi namwaga machozi dakika moja, basi. Ile sehemu yangu ya kisu hakuna aliyeiona.”

“Kumbe ndicho kinachokuwasha,” Belen alisema.

“Kinachoniwasha ni wizi, mare. Hicho kingine kinanisikitisha tu.”

Meding alinyanyuka. Wivu wa msanii ulikuwa sababu nzuri ya kupiga kelele, lakini haukuwa jibu la swali. Belen alijuaje?

Dencio alikuwa akisubiri kwenye ngazi za Belen, macho mekundu, shati lilelile la jana. Alipomwona Meding alisimama, akauchukua mkono wa mama huyo akaugusisha kwenye paji la uso wake mwenyewe, kwa heshima.

“Kaa,” Meding alisema. “Ulimwambia?”

“Hapana, Shangazi.”

“Ulimdokeza?”

“Ningemdokeza nini? Mimi mwenyewe sijui atatoka nani. Ukibonyeza Anza, kabla hata mvua ya kwanza haijanyesha kwenye picha, deki inachagua namba, moja hadi nne. Namba ndiyo muuaji. Ushahidi wote unafuata hapo: barua, kikombe, alama za tope. Maswali unayouliza hayambadilishi muuaji, yanabadilisha tu unachokiona.”

“Hakuna dalili mapema?”

Kijana alisita. Meding alikuwa amewaona wengi wakisita namna ile, hakumsaidia, alisubiri.

“Ipo,” Dencio alisema. “Picha ya kwanza kabisa, mlango wa Don Teban. Kuna jozi moja ya viatu imeachwa kizingitini. Viatu vya ngozi ni vya baba wa ubatizo. Kandambili ni dereva. Bakya za mti ni mpishi. Visigino ni mjane. Nilifanya kwa kujifurahisha. Hakuna aliyeambiwa.”

“Hata mama yako wa ubatizo?”

“Hata yeye.”

Goring alikuwa amesogea na beseni lake mpaka mwisho wa uzio, na masikio yake hayakuwa na uzio. “Mmesikia? Viatu. Alimwambia atazame viatu. Andika hiyo, Dada Meding.”

Hilo lilikuwa na uzito. Meding alimwita Kapteni Ambo, ambaye alikuwa amekuja kuazima ngazi na akabaki kuangalia, kama alivyofanya nusu ya mtaa. Kapteni ndiye aliyebonyeza rimoti jana. Ndiye pia aliyeigiza baba wa ubatizo, jambo lililomfanya azungumze juu ya kesi hii kwa tahadhari.

“Kapteni, Belen aliposema, kiooni kulikuwa na nini?”

“Hakukuwa na kitu.”

“Mlango? Viatu?”

“Giza tupu. Nilibonyeza Anza, kioo kikawa cheusi, yeye akanitaja mimi. Nusura niangushe rimoti. Picha ya mlango ilikuja baadaye, watu wameshaanza kuzomea.”

Meding akageuka kwa Goring. “Mtu hawezi kusoma viatu kwenye giza.”

“Basi diski yenyewe ilichezewa,” Goring akajibu papo hapo. “Ya Belen na ya Kapteni zina muuaji mmoja tu. Sisi wengine tumepewa za kubadilika.”

“Hilo linapimika,” Meding alisema, na akafurahi, kwa sababu kitu kinachopimika ndicho alichokipenda kuliko mashahidi wote wa dunia.

Akakusanya diski tatu: ya Belen, ya Goring, na ya Kapteni iliyochezwa uwanjani. Akaanza kwa Belen. Sebule ilijaa kabla hajavua viatu. Waliokosa nafasi walining’inia madirishani, na mama mmoja alipitishiwa mtoto wake juu ya vichwa ili aone. Belen aliondoa kitambaa cha kufuma kilichofunika deki, akachomeka, akaweka diski ya Goring. Mlango wa Don Teban. Viatu vya ngozi.

“Mimi tena,” Kapteni akanung’unika.

Belen akazima, akachomoa, akafunika deki kama mtu anayemlaza mtoto. Meding akasema sasa ile ya Kapteni. Belen akafunua, akachomeka. Viatu vya ngozi. Akazima, akachomoa, akafunika. Ile yake mwenyewe: akafunua, akachomeka. Viatu vya ngozi.

Umati ukahamia kwa Goring kwa kupitia pengo la uzio, na wengine kwa juu yake. Sebule ya Goring ilikuwa na kochi lenye nailoni bado na taa nyekundu ya deki ikiwaka pembeni ya sanamu ya Mtoto Mtakatifu, mchana na usiku. Diski ya Belen ikatoa kandambili. Ya Kapteni ikatoa bakya. Yake Goring ikatoa viatu vya ngozi, watu wakaguna. Ikarudiwa, ikatoa visigino, Goring akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

“Si diski,” Meding alisema. “Zote tatu ni ndugu.”

“Basi ni mkono,” Goring alisema. “Anachagua kwa namna fulani. Anabonyeza kitu.”

“Njoo ubonyeze wewe.”

Wakarudi. Belen akafunua, akachomeka, akakaa pembeni mikono mapajani kama aliye kanisani. Goring akashika rimoti. Alikwenda kinyume na kila mtu: badala ya kuhoji mpishi akafungua ghala, badala ya ghala akapanda darini, akamhoji dereva mara mbili, akamwacha mjane, yaani yeye mwenyewe, bila swali. Mwishoni Kapteni Ambo wa kwenye picha akatoa kisu chini ya koti na kuangua kicheko kibaya. Watu walimpigia makofi. Goring akairudisha rimoti mezani kama kitu kilichomuunguza.

“Si mkono,” Meding alisema.

“Basi ni deki.” Safari hii sauti ya Goring ilikuwa ya chini, ya mtu anayefikiri kweli. “Amemtengenezea deki.”

Hili nalo lilikuwa na maana. Deki zote za mtaa zilikuwa za aina moja, za rangi ya fedha, zilizoletwa na lori la mchuuzi kabla ya Krismasi. Lakini fundi anaweza kufungua chochote. Meding akaamuru zibadilishane nyumba. Dencio, kwa moyo wa kutaka kusaidia, akajitolea kuzibeba. Akaipeleka ya Goring kwa Belen, akairudia ya Belen akaipeleka kwa Goring, waya zikimburura nyuma.

Kama deki ya Belen ndiyo yenye hila, basi muuaji wa Belen angehama nayo. Meding alisimama kwenye pengo la uzio ambapo aliweza kuona sebule zote mbili.

Kwa Goring, deki ya Belen: viatu vya ngozi.

“Ndiyo hiyo,” mtu akasema. “Imechezewa.”

Kwa Belen, deki ya Goring, ambayo nusu saa iliyopita ilitoa kila aina ya kiatu: viatu vya ngozi.

Kisha Goring akasema polepole jambo ambalo Meding alitamani lisingesemwa. “Ya kwangu ilikuwa nzima. Nani ameigusa?”

Macho yote yakamwendea Dencio. Ni yeye aliyebeba deki zote mbili. Ni yeye pia, Kapteni akakumbuka kwa sauti, aliyebeba ile ya uwanjani jana kutoka nyumbani kwa Kapteni. Kila alipogusa, alitoka yuleyule. Minong’ono ikapita madirishani. Mzee mmoja akasema yeye tangu mwanzo hakuipenda miwani ya yule kijana.

“Toka uani kwangu,” Goring alimwambia. “Kasimame nje ya geti. Usiguse hata geti lenyewe.”

Dencio akatoka. Kapteni akachomoa kalamu mfukoni na kuikunjua ile karatasi kwenye goti lake. “Dada Meding, nasikitika. Mchana umefika.”

“Wali haujaiva bado,” Meding alisema. “Nipe muda wa kunywa maji.”

Akaingia kwa Belen, akakaa chini ya feni. Diski si yenyewe. Mkono si wenyewe. Deki si yenyewe. Kilichobaki ni Dencio. Na Dencio alikuwa kweli amezibeba. Lakini asubuhi, kabla hajagusa chochote, Belen alipata viatu vya ngozi mara nne mfululizo. Na siku ya upepo, Goring alimpata muuaji huyohuyo bila Dencio kuwapo hata karibu.

Jasho likaanza kumtiririka Meding shingoni. Akatazama juu. Feni ilikuwa imesimama.

“Belen. Feni.”

“Nimechomoa.” Belen alikuwa amepiga magoti pembeni ya ukuta, anakunja waya wa feni, hajui hata kwamba anaukunja, machozi yanamtoka na mikono inafanya kazi yake. “Samahani, Dada. Nikitoka tu chumbani nachomoa. Usipochomoa inakula umeme hata ikiwa imelala. Na tangu nyumba ya akina Sabas iteketee kwa waya mmoja, mimi siachi kitu ukutani.”

“Kila kitu?”

“Kila kitu. Friji tu ndiyo sichomoi, na hiyo naichomoa Ijumaa Kuu.”

“Na diski hii. Unaicheza mara ngapi ukikaa?”

“Moja. Nina kazi zangu. Nikimaliza nachomoa.”

Meding akaweka glasi chini. Hakukimbia, kwa sababu mwili wake ulikuwa umestaafu kukimbia kabla yake, lakini Belen alisimulia baadaye kwamba alipita kwenye lile pengo la uzio bila kuligusa, jambo ambalo lilionekana haliwezekani.

Goring alikuwa amerudishiwa deki yake na ameshaichomeka. Sebule ilikuwa imejaa hadi jikoni. Meding akasimama katikati.

“Kapteni, hiyo karatasi iweke chini ya makalio yako mpaka nimalize. Goring, leo kila kitu utafanya wewe kwa mkono wako. Dencio yuko wapi?”

“Getini,” dirisha zima likajibu.

“Abaki hukohuko. Anayemwona aseme akisogea. Goring, chomoa deki ukutani.”

“Mimi sichomoi deki yangu. Ukiacha alivyoibeba Dencio leo, taa yake haijawahi kuzimika tangu—”

“Tangu upepo. Najua. Chomoa.”

Goring akachomoa. Taa nyekundu ikafa. Meding akamwambia achomeke tena, aweke diski, ashike rimoti.

“Kabla hujabonyeza,” Meding alisema, “wote mnisikie. Atatoka baba wa ubatizo.”

Goring akabonyeza. Viatu vya ngozi.

“Chomoa. Chomeka. Baba wa ubatizo.”

Viatu vya ngozi. Mtu akacheka kwa woga.

“Mara nyingine tena, ili asije mtu akasema ni bahati.”

Viatu vya ngozi. Kapteni alikuwa amesimama, karatasi imebaki kwenye kiti.

“Sasa usichomoe,” Meding alisema. “Iache hivyohivyo, rudi mwanzo tu, uanze upya. Huyu atakayekuja simjui. Tumwone.”

Kandambili. Tena bila kuchomoa: bakya. Tena: viatu vya ngozi. Tena: visigino. Watu walikuwa wakivitaja kwa pamoja kama wanaosali. Meding akahesabu kwa vidole na kuiweka orodha yote kichwani.

“Vizuri. Goring, chomoa, chomeka. Huko mwanzo nilijua wa kwanza tu. Sasa nawajua wote. Ngozi, kandambili, bakya, ngozi, visigino. Akikosea mmoja, Kapteni atasaini.”

Goring akabonyeza. Ngozi. Akarudi mwanzo. Kandambili, hapo madirisha yakaanza kupumua. Bakya; mtu akapiga ukuta. Ngozi, na Kapteni akajipigia saluti mwenyewe kiooni.

“Simama hapo,” Meding alisema. “Huyo wa tano tumwache kwanza. Mmeelewa?”

“Sijaelewa kitu, lakini nimefurahi,” alisema yule mzee asiyependa miwani.

“Deki ni kama mtu mwenye karata zilizopangwa tayari. Unamwambia chagua, anafunua ya juu. Ukimwambia tena, ya pili. Ukimchomoa ukutani anazikusanya, anazirudisha vilevile bila kuzichanganya, anaanza na ileile ya juu. Deki zetu zote zimetoka kwenye lori moja; zote zina karata zilezile. Goring hachomoi, kwa hiyo kila siku yuko mahali tofauti. Belen anachomoa hata feni juu ya kichwa cha mgeni. Yeye hajawahi kuona karata ya pili maisha yake yote. Alidhani hadithi ina mwisho mmoja.”

“Kumbe kuna wengine kweli?” Belen aliuliza kutoka mlangoni. Hakuna aliyecheka kwa ubaya.

“Na jana?” Kapteni alisema, ingawa uso wake ulionyesha ameshajua.

“Jana deki ilitoka kwako hadi uwanjani. Huwezi kubeba deki bila kuichomoa. Na leo tulizibadilisha nyumba, tukazichomoa, zikasahau zote mbili. Dencio hakuzigusa kwa hila. Alizibeba tu. Angezibeba paroko, ingekuwa hivyohivyo.”

Mtu akauliza kwa nini basi fundi mwenyewe hakulijua. Meding akatoa kichwa dirishani. “Dencio. Deki yako ya kazini, unaichomoa lini?”

“Siichomoi, Shangazi,” ikaja sauti kutoka getini. “Huwa nafanya kazi nayo.”

“Haya. Aliijaribu kwenye deki isiyolala. Kosa lake ni kuamini kwamba kila nyumba inaishi kama yake.”

Goring alikuwa bado ameshika rimoti. “Lakini alijua,” alisema, safari hii bila kukata chochote. “Belen alijua, sisi hatukujua.”

“Alijua kwa kubana umeme. Ukitaka, tumshitaki kwa ubahili, na mimi nitakuwa shahidi wa kwanza. Nimetoka jasho humo ndani.”

Kicheko kikaanzia jikoni na kuzunguka nyumba hadi nje. Kapteni Ambo akaichukua karatasi yake, akaichana, akatazama vipande kama asiyejua pa kuvitupa, akavitia mfukoni. Akasema kwa sauti yake ya mikutano kwamba baraza la usuluhishi la Bagong Sapa halijashindwa, kwamba Prudencio Lantin hana hatia, na kwamba yeye mwenyewe atampelekea paroko habari hiyo kabla ya misa ya jioni, kwa miguu ikibidi.

“Bado mmoja,” Meding alisema. “Goring, bonyeza. Huyu wa tano msimkatishe. Tumtazame mpaka mwisho.”

Visigino.

Watu wakakaa, sakafuni, kwenye mikono ya kochi, mmoja juu ya mwingine. Belen akapata nafasi kando ya mare wake. Goring wa kwenye picha akashuka ngazi na gauni jeusi la kuazima, akalia kwa jicho moja huku lingine likikagua chumba. Akamtuliza mpishi. Akamdanganya dereva. Akamtilia baba wa ubatizo chai. Na mwisho, akiwa peke yake na picha ya Don Teban, akaieleza picha ile, taratibu, bila kupandisha sauti, kwa nini ilibidi. Akafuta kisu kwa shela yake, akaivaa tena. Wakati wa kurekodi Dencio alikuwa ameshusha kamera karibu na uso wa Goring na kuiacha hapo muda mrefu kuliko ambavyo mpiga harusi yeyote angethubutu.

Picha ilipokwisha nyumba ikalipuka. Makofi, vigelegele, mtu akigonga sufuria. Belen alikuwa amemshika mwenzake mkono bila kujua. “Mare,” alisema, “mimi nilikaa mwaka mzima na huyu mzee wa Kapteni, na kumbe humo ndani mlikuwa na hili?”

Goring aliinuka, akajifuta macho kwa kiganja, vitunguu vikamzidishia, akapita katikati ya watu waliokuwa wakimpiga mabegani. Akatoka uani. Meding alimfuata kwa macho kupitia dirisha.

Dencio alikuwa bado nje ya geti, mikono nyuma, mbali na geti kama alivyoamriwa. Alikuwa amesikia makofi lakini hakujua ni ya nani. Goring akafungua mabawa yote mawili ya geti, mpaka yakagonga uzio.

“Ile karibu na uso,” alisema. “Nilikwambia usiniletee kamera usoni, nikakutukana.”

“Ulinitukana sana, Mama Goring.”

“Hukunisikiliza.”

“Hapana.”

Akamtazama kuanzia shati la jana hadi miguuni, akaushika mkono wake, akamvuta ndani ya ua mbele ya madirisha yote.

“Kuna tambi za pansit, na kuna samaki wa ziwani nimemkaanga asubuhi. Ingia, mwanangu. Wewe ndiye utakayepakua kwanza, ndipo hawa wengine wale.”